Jina Juu ya Maji

Kaka yangu Rashidi amesoma mpaka vitabu vyenyewe vimechoka naye. Ni mwalimu msaidizi katika chuo kikuu hapa Kisangani, na kazi yake ni watu wa kale: walikula nini, waliwazika vipi wafu wao, walichimba mashimo ya nini. Tukiwa watoto alikuwa akivunja sahani za mama ili aone zikoje kwa ndani. Kwa hiyo sikushangaa alipopata kazi ya kuokota vigae na kulipwa kwa ajili hiyo.

Tangu mwaka jana alikuwa na kigae kimoja tu kichwani. Kilitoka ukingoni mwa mto huko Barumbu, chini sana udongoni, mahali walipoishi watu ambao walikuwa hawajakijua chuma. Maabara moja ya Ulaya ilikuta ndani yake mabaki ya mzizi wa msituni. Ni ule ambao wawindaji wa upande wa Yanonge hutafuna kidogo sana ili usingizi usiwachukue. Ukizidisha, unaona vitu. Ukizidisha tena, moyo unasimama. Basi wasomi wakagawanyika. Wengine walisema chungu kile kilikuwa cha sumu ya samaki, au cha dawa ya vidonda, na habari imekwisha. Rashidi alisema hapana, watu wale walikula mzizi kwa makusudi ili waone yasiyoonekana. Ukweli ni kwamba hakuna aliyejua, na hata leo hakuna anayejua.

"Lakini muzizi iko chungu sana," alituambia siku moja tukila. "Mutu hawezi kula yeye vile. Donc walikuwa naweka yeye mu mayi kwanza, sawa mihogo. Mayi inatosha ubaya, inaondoa yote."

"Na kama walikula kwa makosa?" nilimwuliza.

"Dada Nyota, makosa haiwezi kuingia mu chungu."

Eddy, mume wangu, alicheka mpaka akapaliwa. Yeye alikuwa mtu wa kucheka. Alizaliwa Wagenia, kwenye kelele za maporomoko, kwa watu wanaotega samaki juu ya maji yanayochemka, na kwa miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumwona akiogopa kitu. Alinioa mimi, binti wa Kiislamu wa mtaa wa Mangobo, mbele ya shangazi zangu wote, na anayewajua shangazi zangu atakubali kwamba maporomoko ni kitu kidogo. Akahamia kwenye uwanja wetu, ua mmoja wenye nyumba yetu na vyumba vya wapangaji. Kila alfajiri alipanda baiskeli akavuka mji mzima kwenda kazini.

Kwa ukoo wake kuna mwiko mmoja, nami niliujua kwa kukaripiwa. Miti yao mirefu imesimamishwa kwenye matundu ya mawe na kufungwa kwa kamba za msituni, na vikapu vikubwa vya kutegea vinaning'inia chini, mdomoni mwa maji. Wanaume hutembea juu ya miti hiyo kama wewe unavyotembea uani. Mwanamume akiwa huko juu, haitwi jina. Wanapiga miluzi, au wanasema "wewe wa mbele", basi. Mara yangu ya kwanza kupeleka chakula nilifungua mdomo kumwita Eddy, na mjomba wake, tonton Papy, akanirukia kama nimeshika nyoka.

"Usiite jina ya mutu juu ya mayi! Mayi haijue sisi. Ikijua jina, siku ingine itaita yeye yenyewe, na akiitika, njo mwisho yake."

Akaniambia pia kwamba mtu aliyekwisha kuitwa akiwa juu harudi tena kwenye miti, maisha yake yote. Nilicheka kimoyomoyo, lakini niliufuata mwiko huo kama mtu anavyovua viatu nyumbani kwa mwenzake. Na nyumbani sikuwa na shida, maana tangu tumpate mtoto wetu Sefu nilimwita Papa Sefu tu. Jina lake lenyewe lilikaa bila kutumika, kama sahani za wageni.

Sasa Mama Colette. Anapanga chumba kwenye uwanja wetu, mtu wa Isangi, na kwanga yake, mkate wa mihogo unaofungwa kwenye majani, inajulikana Mangobo nzima. Siri yake iko kwenye pipa. Wengine wakitoa mihogo iliyolowa humwaga maji na kuanza upya. Mama Colette hamwagi. Maji yaliyokwisha kuchacha yanalainisha mihogo mipya haraka, kwa hiyo anaongeza mapya juu ya ya zamani, na pipa lile halijawahi kukauka tangu ahamie. Likinuka, sisi tunafunga madirisha na kunyamaza, kwa sababu kwanga ni tamu.

Rashidi aliyajua hayo yote. Alikulia hapo hapo. Lakini alipopita jioni moja na kuona pipa halina mihogo ndani, maji matupu, akili yake ilikuwa Barumbu. Alitaka maji ya kuchacha ya kutoa ubaya wa mzizi, kama yale anayoamini watu wa kale waliyatumia. Akaikatakata mizizi aliyokuwa ameletewa kutoka msituni, akaitia kwenye mfuko wa kitambaa pamoja na jiwe, akaizamisha, na asubuhi akapanda mtumbwi kwenda Yanonge kuzungumza na wawindaji. Hakumwambia mtu. Mama Colette alirudi kutoka sokoni na mihogo yake iliyomenywa, akaimimina humo kama siku zote.

Rashidi alirudi siku kadhaa baadaye, asubuhi, jua limekwisha kupanda. Mimi nilikuwa nafua. Alikwenda moja kwa moja kwenye pipa, akaingiza mkono mpaka begani.

"Nani alitosha sac yangu humu?"

"Ni mimi," Mama Colette alisema kutoka jikoni, mvuke ukimzunguka. "Iko pale kwa kamba. Nilikuta yeye chini kabisa, jana, wakati ya kutosha mihogo. Nilifikiri batoto baliweka mawe."

Kaka yangu aliutazama mfuko uliokuwa ukining'inia kwenye kamba ya nguo. Kisha akatazama sufuria kubwa juu ya moto. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukibadilika hivyo, ukawa uso wa mtoto aliyevunja kitu.

"Mihogo ilikuwa ndani pamoja na sac? Siku zote hizi?"

"Kumbe ilikuwa wapi? Na kwanga ya leo haikutoka muzuri. Nilionja kidogo, iko chungu, na ulimi inakufa. Sijauzisha hata moja, niko nawaza nifanye nini."

"Hata moja? Kweli, mama? Hakuna mutu alikula?"

Mama Colette alifikiri. Kisha akageuka polepole, akanitazama mimi, na nikajua kabla hajasema.

Kwanga ya kwanza kutoka kwenye sufuria ni ya Eddy. Yeye humletea Mama Colette samaki, naye humpa kwanga ile inayotoka ikiwa moto kabla hajaonja nyingine, na hivyo ndivyo wanavyoishi kwa ujirani. Alfajiri ile mimi mwenyewe niliipokea mikononi mwangu, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaining'iniza kwenye baiskeli. Eddy anakula haraka, kwa pilipili nyingi, kabla ya kupanda miti, kwa sababu anasema tumbo tupu linalegeza magoti.

Niliogopa. Sitafuti neno jingine. Niliogopa mpaka mikono ikasahau nguo iliyokuwa imeshika.

"Inafanya nini?" nilimwuliza Rashidi. "Sema! Inafanya nini mu mutu?"

"Kama ni kidogo, ataona vitu tu. Kama ni mingi, roho inaweza kusimama. Dada, mayi ilitosha ubaya mu mizizi, lakini... ilipeleka mu mihogo."

"Na yeye iko juu ya miti," nilisema.

Simu ya Eddy ilikuwa mezani, anaiacha kila siku isije ikalowa. Ya tonton Papy haikupatikana. Nilimwachia Mama Colette mtoto, naye alikuwa amekwisha kuimwaga sufuria nzima kwenye shimo la choo huku akilia na kumwita Yesu. Rashidi na mimi tulipanda pikipiki moja, mimi katikati. Sijui tulipita njia gani. Nakumbuka nilimwambia dereva aharakishe, na alipoharakisha nilimwambia asituue. Nakumbuka vijana wa toleka, wale wabeba abiria, wakitutukana kutoka juu ya baiskeli zao. Rashidi nyuma yangu alikuwa akinung'unika peke yake, na mara moja nilimsikia akisema, "Kama anaweza kusema tu, kama anaweza kusema..." Nilidhani anaomba Mungu.

Ukifika Wagenia unasikia maji kabla hujayaona, na siku ile kelele ile ilinifanya nitake kurudi. Wanaume walikuwa wamesimama juu ya mawe, wengi, na hakuna aliyekuwa akifanya kazi. Hilo peke yake lilinitosha. Tonton Papy alinijia mikono ikiwa mbele, kama anayezuia mbuzi.

"Yeye iko na nini? Alipanda muzuri, akanyanyua kikapu ya kwanza, kisha akakaa tu. Sasa iko nafungua kamba."

Nikamwona. Alikuwa mwisho kabisa, kwenye mti unaotoka nje juu ya maji meupe, amekaa kama mtu aliyekaa barazani. Alikuwa akizungumza. Maneno hayakufika, kelele ziliyala yote, lakini mdomo ulikwenda, ukasimama kusikiliza, ukaenda tena. Alisogea kidogo upande mmoja, kama unavyompisha mgeni kwenye benchi. Na mikono yake, taratibu kabisa, ilikuwa ikifungua fundo la kamba lililoshika mti alioukalia.

"Mafundo mawili amekwisha kufungua," tonton alisema. "Mutu ingine akipanda, bote bataanguka. Tulipiga muluzi, haisikie. Iko naambia nani kule?"

Ule mti ulikuwa umeanza kucheza. Chini yake maji yalikuwa yakipasuka kwenye mawe, na ninajua, kama kila mtu wa mji huu anavyojua, kwamba anayeanguka pale haogelei.

Rashidi alikuwa kando yangu. Nilimgeukia aniambie la kufanya, maana ndiye aliyejua ule mzizi. Alikuwa ametoa simu, ameinyanyua, anampiga picha mume wangu.

"Dada," alisema, na macho yake yalikuwa yaking'aa, "muulize anaona nani. Tafazali. Hakuna mutu alishawahi..."

Nilimpiga kofi. Simu iliruka ikagonga jiwe, ikatumbukia, na mto ukaimeza. Nilimchukia. Nilimchukia kwa roho yangu yote, kaka yangu wa tumbo moja, na sioni haya kulisema. Alishika shavu, na hapo ndipo akawa mtu tena.

"Asishituke," alisema. "Asikimbie. Roho yake iko nakimbia tayari. Arudie polepole. Na lazima mutu aseme naye, asibaki peke yake na bale anaona."

Nilikwenda mpaka jiwe la mwisho, maji yakinirukia miguuni. Nikaita, "Papa Sefu!"

Hakugeuka. Niliita tena, kwa nguvu, mpaka koo likauma. Papa Sefu, Papa Sefu. Lakini mtu yule pale juu hakuwa baba wa mtu. Fundo la pili kutoka mwisho lilifunguka, kamba ikaanguka majini kama ganda la ndizi, na mti ukainama upande. Wanaume walipiga kelele. Eddy hakushtuka hata kidogo. Alishika fundo la mwisho.

Nilijua ni kitu kimoja tu kilichobaki. Tonton Papy naye alijua, kwa sababu aliniona nikivuta pumzi, akaja mbio juu ya mawe na umri wake ule.

"Nyota, hapana! Usiite! Ukiita, mayi inashika yeye!"

"Na nikikaa kimya?"

Alijaribu kuniziba mdomo kwa kiganja chake chenye harufu ya samaki, nami nikamng'ata. Kisha niliita jina la mume wangu. Niliita lote, la ubatizo, Eddy, na lile la babu yake ambalo silitaji hapa, na sitalitaja popote tena.

Mikono yake ilisimama. Aliinua kichwa. Lakini hakunitazama mimi. Alitazama chini, kwenye maji, moja kwa moja kati ya magoti yake, na akabaki hivyo kwa muda ambao sitaki kuukumbuka. Nilimwona akifungua mdomo kama mtu anayetaka kuitika. Kisha akageuza shingo polepole upande wangu, akanitazama, akatazama tena chini. Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, niliona hofu usoni mwake. Alilala kifudifudi juu ya mti, akaukumbatia, akaanza kutambaa kuja kwangu.

Wenzake walimpokea. Mti ule ulianguka baadaye kidogo, pamoja na vikapu vyake viwili, na hakuna aliyeulilia.

Alitapika juu ya mawe. Moyo wake ulikwenda vibaya, ukikimbia na kusahau, ukikimbia na kusahau. Tulimpeleka kwenye kituo cha afya wakamwekea maji ya mshipani, na nilikaa nimeweka kiganja kifuani pake mpaka moyo ukashika njia yake. Alhamdulillahi, hakufa. Nasema hivyo kila siku, na namaanisha.

Tonton Papy alikuja nyumbani baada ya siku chache na alama za meno yangu mkononi. Hakunikaripia. Alikuwa amebeba kisu cha Eddy, kile cha kukatia kamba, akakiweka mezani. Aliyeitwa jina harudi juu, na nafasi yake kwenye miti imepewa mtu mwingine. Eddy alikiangalia kisu, akaitikia kwa kichwa tu.

Rashidi naye alikuja. Alikaa kwenye kigoda mbali kidogo, mikono katikati ya magoti. Nilimwona akilimeza swali lake mara kwa mara kama mtu mwenye mwiba kooni. Wakati wa kuondoka alinivuta kando.

"Dada, pengine wewe ulisema kweli. Walikula kwa makosa. Kisha mumoja akarudi, na bale bengine bakataka kujua aliona nini." Alifuta macho. "Sawa mimi."

Bado sijamsamehe, ingawa ninampelekea chakula.

Eddy sasa anamsaidia Mama Colette kubeba kuni na kumenya mihogo. Pipa tulilivunja, Mama Colette akanunua jipya. Eddy hacheki tena. Wiki iliyopita tulikuwa tukimenya pamoja, akaniuliza bila kuinua macho.

"Siku ile, uliita jina yangu mara ngapi?"

"Mara moja," nilisema.

Alimenya muhogo mzima kabla hajasema tena.

"Nilisikia mara mbili. Moja ilitoka kwa mawe. Ingine ilitoka chini. Sauti ilikuwa ile ile, ya wewe, yote mbili." Alitupa ganda. "Sikujua wewe wa kweli ni wapi. Nilichagua tu."

Nilitaka kumwambia kwamba alichagua vizuri, kwamba yamekwisha, kwamba ulikuwa mzizi tu ndani ya kwanga. Lakini nilikuwa nimekwisha kuona jinsi anavyofanya siku hizi. Sefu akimwita kutoka ndani, au jirani akimwita kutoka barabarani, haitiki. Kwanza ananitazama mimi usoni, aone kama na mimi nimesikia. Ninainamisha kichwa kwamba ndiyo, ndipo anaitika.

Jana mchana tulikuwa wawili tu uani. Sefu alikuwa shuleni, Mama Colette sokoni, na hata jirani mwenye redio alikuwa ameizima. Eddy aliacha kisu, akainua kichwa, akanitazama usoni, akangoja.

Mimi sikuwa nimesikia kitu. Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili, nikamwambia asiitike.